Mtoto Aliyezidisha Njano

Mpakani mwa Mafigani afisa aliitupia pasipoti yangu jicho moja, kisha akalitazama gauni langu kwa muda mrefu.

"Gauni la njano changa," alisema huku akiandika.

"Hapana, bwana. Ni la kijani."

"Njano changa," alirudia kwa upole, kama anayemsahihisha mtoto anayejifunza kuhesabu. "Karibu Mafigani, binti. Ukikaa sana litakomaa."

Ndivyo nilivyoingia katika nchi niliyoiota tangu mwaka wa pili chuoni. Nilisomea ubunifu wa mapambo ya ndani, na tasnifu yangu ilitumia kurasa arobaini kusifia jambo moja: kwamba nyumba, nguo, hata mji mzima ukivishwa rangi tatu tu zilizokolea, watu watapumzika na wasiwasi wa kuchagua, wataanza kupendana. Mhadhiri wangu aliandika pembeni, "Kupendana kunaingiaje hapa?" Mimi niliona yeye ndiye hajaelewa. Niliposikia kuwa ipo nchi iliyofanya hivyo kwa sheria, sikutulia mpaka nilipofika.

Sheria ya Mafigani inatambua nyekundu, njano na buluu. Chochote ambacho Mungu alikiumba kwa rangi nyingine kimepangiwa mahali pake na Idara ya Mgawo. Majani ya miti ni njano changa. Udongo ni nyekundu iliyochoka. Mkaa na nywele ni buluu nzito, na maziwa ni njano iliyofifia. Ngozi za wananchi, ambazo ni kama yangu, zimeandikwa nyekundu tulivu. Niliuliza kama kuna aliyewahi kuukataa mgawo. Nikaambiwa kwamba punda milia walikataa, ndiyo maana hawapo nchini.

Rangi hizo tatu hazitumiki ovyo. Chumba, nguo, sahani ya chakula, hata jeneza, lazima rangi moja ichukue sehemu sitini katika mia, ya pili thelathini, ya tatu kumi. Kuna Wapimaji katika kila mtaa wanaohakikisha hivyo. Langoni mwa kila ofisi yamechongwa mafiga matatu na chini yake methali: Figa moja haliinjiki chungu.

Mwenyeji niliyepewa alikuwa Mpimaji mwenyewe, Bwana Shaweji, mtu wa makamo, mpole, mwenye kikohozi cha kusitasita kila anapotaka kusema jambo gumu. Nilimwuliza, "Bwana Shaweji, kwetu mafiga hulingana. Haya yenu ya sitini, thelathini na kumi, chungu kinakaaje juu yake?"

"Kinakaa kwa uzalendo," alijibu, wala hakucheka.

Sitaki kuwa mnafiki. Siku tatu za kwanza nilifurahi kuliko nilivyowahi kufurahi maishani. Mtaa wa Bwana Shaweji ulikuwa na kuta nyekundu, milango ya buluu na fremu za madirisha za njano, nyumba baada ya nyumba, mpaka jicho linaona raha. Wanawake walipita na vitambaa vya kichwa vya njano juu ya nguo za buluu, nami nikiwafuata nyuma na daftari kama mwehu. Nilijaza kurasa kumi na saba.

Yapo niliyoyaona ambayo sikuyaandika. Mezani, kwa kuwa karibu hakuna chakula cha buluu duniani, kila sahani huwekewa kipande cha kitambaa cha buluu pembeni, na adabu inamtaka mgeni akisifie kabla ya kuonja wali. Nilikisifia. Siku ya pili tulikwenda harusini, na picha ya jamaa haikuweza kupigwa kwa sababu waliovaa buluu walikuwa wamezidi. Bwana Shaweji alitoa chombo chake cha kazi. Ni fremu ya mbao iliyotandwa nyuzi kama wavu, yenye vijidirisha mia. Aliinyoosha mbele yake, akafumba jicho moja, akahesabu.

"Buluu thelathini na moja," alitangaza. Akamgeukia mzee mmoja mwenye kanzu ya buluu. "Samahani sana, bwana. Tafadhali simama nje ya uzio."

"Mimi? Mimi ni mjomba wa bibi harusi! Nimemlea huyu!"

"Najua, bwana. Lakini wewe ndiye asilimia moja."

Mjomba akatoka. Picha ilipendeza kweli, na ninaona haya kusema kwamba nilimpongeza mpiga picha.

Siku ya nne Bwana Shaweji alivaa viatu vyake vizuri. "Leo nitakuonyesha fahari yetu," alisema. "Umepata bahati. Miaka mingine haitokei kabisa." Akanipeleka hospitali, kwenye wodi ya wazazi.

Njiani alinieleza. Mara mojamoja huzaliwa mtoto ambaye siku ya pili au ya tatu ngozi yake huanza kubadilika, ikawa njano. Si njano ya mgawo, bali njano yenyewe, rangi ya dola, katika mwili wa mtu. Mtoto huyo hupewa cheti na utepe, viongozi huja kumwona, na picha yake hutundikwa ukutani. Huitwa Mtoto wa Njano.

Mama wa yule tuliyekwenda kumwona alikuwa binti wa rika langu aitwaye Mwanatumu, fundi wa mapazia. Alikuwa amekaa kitandani, mgongo wima, kama watu wakaavyo wanapotazamwa. Mtoto alikuwa kwenye kitanda kidogo chekundu, amefunikwa shuka ya buluu, utepe begani, na kwa kweli alikuwa njano kama embe bivu. Nilitoa daftari. Niliandika, na maneno haya bado ninayo: "Rangi tatu zimekutana katika kiumbe kimoja. Uwiano wa ajabu."

Kisha mtoto akafumbua macho, nikaona kwamba hata weupe wa macho ulikuwa njano. Akayafumba tena taratibu, kama aliyechoka na kazi.

"Ananyonya vizuri?" nilimwuliza Mwanatumu.

"Toka jana hanyonyi," alisema kwa sauti ndogo. "Wageni wameniambia watoto wa heshima hawali ovyo."

Mtoto wa dada yangu alikuwa hivi hivi siku ya tatu. Kule kwetu muuguzi alimtazama macho mara moja tu, akamweka chini ya taa za buluu siku mbili. Sasa ana miaka minne na anavunja vikombe vya bibi yake kwa zamu.

Nikamvuta Bwana Shaweji pembeni. "Bwana Shaweji, mtoto huyu anaumwa. Hii njano ni ugonjwa."

Uso wake ulibadilika, lakini hakunipandishia sauti. "Binti, hapa kwetu rangi haziumwi."

"Basi niambie. Hawa wa ukutani, wa kwanza sasa ana umri gani?"

Ukutani palikuwa na picha kumi na moja kwenye fremu za dhahabu, ambayo huko huitwa njano tajiri. Zote zilikuwa picha za watoto wachanga. Hapakuwa na hata mmoja aliyeonyeshwa akiwa ameketi.

Bwana Shaweji alikohoa. "Hawakai sana. Vitu vizuri havikai."

"Tisa nimewaosha mimi," ilisema sauti nyuma yetu. Alikuwa mkunga, Bi Sikudhani, mama mtu mzima aliyekuwa akikunja nepi na hakuinua kichwa. "Wawili walioshwa na mwenzangu, nilikuwa likizo. Na sanda zao tukazipima, sitini, thelathini, kumi. Hazikupungua hata uzi."

Mwanatumu alisikia. Alisimama, akamchukua mtoto kifuani na utepe wake. "Dada mgeni," aliniambia, "huko kwenu anayeamua ni nani?"

"Daktari."

"Huku ni Baraza. Nipelekeni."

Baraza la Mafiga huketi kila siku katika ukumbi wenye pande tatu. Wajumbe wekundu hukaa upande mmoja, wa njano upande wa pili, wa buluu upande wa tatu. Mwenyekiti, Mheshimiwa Ngwali, hubadilisha joho kila baada ya saa ili asionekane anapendelea. Bi Sikudhani alikuja nasi, akakaa benchi la nyuma na kapu lake la nepi. Nilidhani amekuja kumshika mama mkono tu.

Nilipewa nafasi ya kusema. Nilisema kwa moyo wangu wote. Niliwaambia kwamba niliipenda nchi yao kabla ya kuiona, na kwamba hakuna ukuta mzuri hata mmoja unaozidi pumzi ya mtoto. Niliwasihi wamtazame yule mama. Sauti ilinikatika mara mbili. Nilipomaliza walinipigia makofi, na karani akasimama na daftari lake.

"Huruma sitini, machozi thelathini, hoja kumi," alisoma. "Hotuba imelingana, mheshimiwa."

"Pongezi, binti," alisema Mheshimiwa Ngwali. "Wengi wa wageni huzidisha machozi. Sasa tujadili: je, njano inaweza kuumwa?"

Mjumbe wa buluu alisimama upesi mno. "Mheshimiwa, sisi upande huu tumesema miaka mingi kwamba njano ni rangi dhaifu. Jua likiwaka kidogo tu, inafifia."

"Kaa chini!" walipiga kelele wa njano. "Buluu ikiwa na nguvu, mbona hailiwi?"

"Nyekundu inaumwa," alisema mmoja, "tunaita kidonda."

"Mheshimiwa, afute kauli! Kidonda ni heshima ya wapiganaji!"

Walibishana saa nzima. Wekundu walipendekeza iundwe kamati ya watu watatu. Wa njano walikubali, mradi wote watatu wawe wa njano. Mwisho Mheshimiwa Ngwali aligonga meza. "Jambo ni zito. Tutaendelea Alhamisi."

"Alhamisi ni siku tatu, mheshimiwa," alisema Mwanatumu.

"Mama, sheria haikimbii kama mtoto."

"Wangu hakimbii, mheshimiwa. Hata kulia ameacha."

Wajumbe walitazamana, watu wema wasiojua la kufanya. Wengine walitazama viatu vyao. Niliwatazama mmoja mmoja, nikaona kwamba hakuna aliyependa mtoto afe, na kwamba hilo halikumsaidia mtoto kitu.

Hapo Bi Sikudhani akaweka kapu chini.

"Mheshimiwa, naomba kushitaki."

"Unamshitaki nani, Bi Sikudhani?"

"Mtoto huyu."

Nilidhani uchungu umemvuruga akili. Lakini alitembea hadi katikati ya ukumbi na kumwita Bwana Shaweji. "Baba Mpimaji, njoo na fremu yako. Mpime."

Bwana Shaweji alitutazama, akamtazama Mwenyekiti, akaja. Alinyoosha fremu mbele ya uso wa mtoto, akafumba jicho. Alipofika katikati ya hesabu akaanza upya.

"Njano, tisini na nne," alisema. "Buluu nzito sita, ambazo ni nywele."

Minong'ono ikapita pande zote tatu.

"Sheria inasemaje," aliuliza Bi Sikudhani, "kuhusu rangi inayozidi sitini?"

"Mwili wa mtu umesamehewa kipimo," aliingilia mjumbe mmoja wa njano.

"Uliosamehewa ni wa nyekundu tulivu. Nimekisoma kifungu, bwana mkubwa, nimekaa na kitabu chenu wodini miaka kumi na minne. Na cheti hiki, chenye mhuri wenu wenyewe, kinasema mtoto huyu si nyekundu tulivu, ni njano halisi. Basi msamaha haumhusu. Amezidisha, tena amezidisha mno. Karani, soma adhabu."

Karani alifungua kitabu, akalamba kidole, akasoma: "Kitu kilichozidi kitarekebishwa kwa rangi kinayoikosa, siku hiyohiyo, bila rufaa, mpaka kipimo kitimie."

"Anakosa buluu," alisema Bi Sikudhani. "Naomba zile taa za buluu zinazoning'inia uwanja wa sherehe. Zililetwa na wageni kwa ajili ya wodi yangu. Mkazipenda, mkazitundika kwenye miti."

Nilisubiri wa njano wapige kelele. Hawakupiga. Kuambiwa rangi yao inaumwa kulikuwa matusi, lakini kuambiwa imezidi kulikuwa karibu sawa na sifa, na mmoja wao alitikisa kichwa kwa majivuno. Wa buluu walifurahi kuitwa kurekebisha. Wekundu hawakuguswa. Jambo lililoshindikana kwa saa nzima likapita kwa pumzi moja.

Bado Mheshimiwa Ngwali alikuwa na neno. Alivua miwani. "Mama, cheti kitafutwa. Jina la mwanao litaingia katika Kitabu cha Waliozidi, na halifutiki. Unaelewa kwamba atakuwa mkosaji maisha yake yote?"

"Maisha yake yote," alirudia Mwanatumu polepole, na hiyo ndiyo mara ya kwanza nilimwona akitabasamu. "Mheshimiwa, andika haraka."

Mafundi waliteremsha taa mbili kutoka mtini, zikiwa bado na maua ya karatasi. Bi Sikudhani alizifuta vumbi, akazifunga juu ya kitanda, akamvua mtoto nguo na utepe, akamfunga kitambaa machoni. Akamkamulia mama maziwa kikombeni, akamdondoshea mtoto kwa kijiko, tone moja moja. Wakati akifanya hayo nilimwuliza kwa nini hakuyasema mapema, miaka yote ile.

"Nilisema, mwanangu. Nilisema 'anaumwa' mara tisa, nikaandikiwa barua tatu za onyo. Leo nimekaa pale nyuma nikasikia ulivyosema vizuri, wakakupigia makofi." Alitikisa kijiko. "Nikajiambia, Sikudhani, kama huyu hajafungua mlango kwa maneno yale, basi hapa si mlango. Tafuta dirisha."

Sijui kama ilikuwa sifa au lawama. Niliyapokea yote mawili.

Amri ilimtaka Mpimaji kupima kila saa na kuandika. Bwana Shaweji alikuja na fremu yake: tisini, themanini na tatu. Kesho yake asubuhi, sabini na mbili. Mtoto alilia, kilio chembamba kama cha kifaranga, na wodi nzima ikashangilia. Saa nne alikuwa sitini na tano. Saa sita mchana nilimwona Bwana Shaweji amesimama na fremu akirudia hesabu, na nikaelewa kwa nini. Nilihesabu pamoja naye. Zilikuwa sitini kamili. Kipimo kilikuwa kimetimia. Kisheria taa zizimwe, na macho ya mtoto bado yalikuwa njano.

"Bado, Baba Mpimaji," alisema Bi Sikudhani kwa sauti ya chini. "Mwili unatangulia, damu inafuata. Ukizima sasa atarudi alikotoka."

Mtu yule alikuwa ameishika fremu hiyo miaka ishirini na sita. Alimtoa mjomba harusini kwa sababu ya asilimia moja. Alikohoa. Akamtazama Mwanatumu, aliyekuwa ameshikilia ukingo wa kitanda kwa mikono miwili.

"Sitini na moja," alisema, akaandika.

Saa saba: sitini na moja. Saa nane: sitini na moja. Alasiri karani alipita kukagua, akauliza mbona mtoto amekwama. Bwana Shaweji akamjibu kwa ukali ambao sikujua anao: "Wewe ndiye mwenye fremu au mimi?" Siku ile nzima na siku ya pili mtoto alibaki sitini na moja, huku akizidi kuwa na rangi ya udongo uliolowa mvua, akinyonya mpaka anakoroma. Siku ya tatu Bi Sikudhani alimfungua kitambaa, akamgeuza kwenye mwanga wa dirisha na kumvuta kope kidogo. Macho yalikuwa meupe.

"Sasa hesabu," alisema.

Bwana Shaweji aliinua fremu. "Njano, sifuri," alisema, akaandika.

Nilikaa Mafigani wiki sita zaidi. Sikuandika tena kuhusu milango wala vitambaa vya kichwa. Nilimsaidia Bi Sikudhani kukunja nepi, na asubuhi moja nilipofika wodini nilikuta watu wamejipanga nje. Walikuwa akina mama wenye vichanga mikononi, wengine wametoka mitaa ya mbali. Habari ilikuwa imesambaa, kama habari za wanawake zisambaavyo, bila tangazo. Bwana Shaweji alikuwa ameketi mezani na Kitabu cha Waliozidi mbele yake.

"Nimekuja kumshitaki mwanangu," alisema wa kwanza, akifunua shuka. "Tazama macho yake."

"Na mimi wangu."

"Mimi wangu amezaliwa jana tu, baba, lakini naona ameanza ukosaji."

Bwana Shaweji alipima, akaandika, akapima, akaandika. Baraza lilikuwa limemwagiza aeleze kwa nini uhalifu wa vichanga umepanda kwa kasi namna ile. Alipofika ukurasa wa tatu aliinua uso na kunitazama, miwani imemteleza puani.

"Tutafanyaje, binti?" alisema. "Wakikua hawa, nchi itajaa wakosaji."

"Mungu awakuze wote," nilimwambia.

"Amina," alisema Bwana Shaweji, akamwita anayefuata.